Msikaushe ziwa kabla ya kupima udongo

Ndugu, nimekuelewa: nusu ya ukoo inataka kuchimba mtaro ili kile kiziwa chenu kikauke mpande mahindi. Nami niliwahi kukausha dimbwi bondeni. Msimu wa tatu kisima kikapungua maji.

Tazameni Ziwa Hula, Israeli. Lilikaushwa kati ya 1951 na 1958 wapate mashamba. Udongo wa mboji (mabaki ya mimea yaliyooza nusu majini) ulipokauka ukashika moto, ukadidimia, na naitrati (chumvi za nitrojeni zinazochafua maji) zikatiririka hadi Ziwa Galilaya. Mwaka 1994 wakarudisha maji, tena sehemu ndogo tu!

Chimbeni shimo la majaribio. Mkikuta mboji nyeusi, acheni. Limeni kuanzia mita 60 kutoka ukingoni, ndivyo sheria ya Tanzania inavyotaka, na mwoneni mtaalamu wa bodi ya maji ya bonde kabla ya kugusa jembe.