Bwawa la zamani la umma: rangi iwe ya mwisho

Mkuu, umeuliza kama kamati yenu ya kufufua bwawa la zamani la kuogelea ianze na rangi na vigae ili wachangiaji waone kazi inakwenda. Nilikuwa kwenye kamati ya kufufua bwawa kama hilo, na sisi tulianza na rangi. Picha zilipendeza kweli. Haukupita muda mrefu tukaanza kuibandua wenyewe kutafuta ufa.

Maji yalikuwa yakishuka kila siku na sisi tukilaumu jua. Fundi mmoja mzee akatuomba ndoo. Aliijaza maji ya bwawa, akaiweka kwenye ngazi ikiwa imezama karibu yote, akachora alama ya maji ndani ya ndoo na nyingine nje, usawa wa maji ya bwawa. Baada ya saa 24 maji ya ndoo yalikuwa yameshuka kidogo tu, ya bwawa yameshuka zaidi. Jua linanyonya sawa pande zote mbili, kwa hiyo kilichozidi ni uvujaji. Rudieni pampu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inafanya kazi: maji ya bwawa yakishuka zaidi pampu ikiwaka, anzeni kushuku mabomba. Na msidharau sentimita moja. Kwenye bwawa la mita 25 kwa 10 hiyo ni lita 2,500.

Tulipotaka kulikausha ili tuone nyufa, mzee yule yule akatuzuia, maana ardhi ilikuwa imelowa mvua. Bwawa tupu kwenye ardhi iliyojaa maji ni mtumbwi: maji ya chini hulisukuma juu, na zege huinuka au kupasuka. Tulisubiri kiangazi, watu wakanung'unika, mimi nikiwa mmoja wao.

Likishakauka, pitisheni nyundo ndogo sakafuni na kutani. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachia au zege limeoza kwa ndani. Doa la kutu maana yake nondo zimeanza kuliwa, na hapo muiteni mhandisi wa majengo. Rangi kuukuu msiikwangue kavu kabla haijapimwa, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mabomba yaliyofungwa vitambaa vigumu vya zamani nayo msiyaguse, huenda ni asibesto, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu.

Kuhusu historia, tunzeni umbo, ngazi, vyumba vya kubadilishia nguo. Mfumo wa maji msiuonee huruma. Mabwawa mengi ya zamani yalijazwa, yakatumiwa hadi maji yakachafuka, yakamwagwa. Leo lazima maji yazunguke kwenye chujio na klorini ipimwe kila siku. Vifuniko vya tundu la kutolea maji chini ya bwawa viwe vya kisasa: mvuto wa pampu unaweza kumnasa mtoto asitoke. Marekani ilitunga sheria ya jambo hilo mwaka 2007 baada ya kifo cha namna hiyo.

Halafu pesa ya kuliendesha. Jubilee Pool la Penzance, Uingereza, lilifunguliwa 1935, likaharibiwa vibaya na dhoruba 2014, likarudi 2016. Hawakuishia hapo: wakazi walinunua hisa, na 2020 sehemu yake ikaanza kupashwa kwa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, ili watu waogelee hata kwenye baridi. Kwetu hesabu ya umeme wa pampu ilifanywa baada ya ufunguzi, na mwaka wa kwanza tulifunga mapema.

Swali langu kwako: mna mchoro wa mabomba? Wetu haukuwepo ofisini. Tuliupata kwa mjane wa mtunza bwawa wa zamani, umekunjwa chini ya sanduku la nguo, na ulionyesha bomba moja ambalo hakuna aliyejua lipo. Ndilo lililokuwa linavuja.