Goti limekustaafisha, sasa wataka kuwa kocha

Juzi baada ya Alasiri nilikuwa Mkunguni, hapa Lamu mjini, nikinywa kahawa, akaja kijana mmoja wa mtaa wa Langoni, anachechemea. Winga wa kushoto, miaka 26, krosi zake nazijua tangu akiwa mdogo. Daktari kamwambia goti halirudi kama lilivyokuwa. Akaniamkia, akakaa, akazunguka na maneno weee, mwisho akalitoa: "Ami, nataka kuwa kocha. Siku moja nifundishe timu ya taifa. Naanzia wapi?"

Barazani wawili watatu walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo niliwahi kuwa nalo, ila sikuwa na wa kumuuliza. Lakini abiria wa Mokowe, ng'ambo ya bara, walikuwa wameshajaa jeti wananingoja mimi na boti yangu, nikamjibu kwa maneno matatu nikaondoka. Jibu lenyewe hasa ni hili.

Mimi niliumia nikiwa na miaka 29, nikichezea klabu moja ya Mombasa nisiyokuwa na haja ya kuitaja. Hata nauli ya kunirudisha Lamu sikupewa. Yamepita. Nilirudi na goti bovu na kiburi kizima, nikakusanya watoto ishirini hivi wa mtaani, nikawapeleka ufukwe wa Shela. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: ninayoyajua miguuni nitayahamishia kwao.

Siku ya kwanza niliwaonyesha namna ya kupokea mpira huku umempa beki mgongo, ugeuke naye mara moja. Niliwaonyesha mara tano, goti likilia. Hakuna aliyeweza. Nikafoka. Mmoja wao, wa miaka kumi na mitatu, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Kocha, kabla mpira haujafika, wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka kumi na mbili nimefanya kitu kile kila wiki na sijui macho yangu huwa wapi. Usiku ule nilijaribu peke yangu uani, nikitupa mpira ukutani, ndipo nikagundua kwamba huwa natupa jicho begani mara mbili: mara moja mpira ukiwa bado mguuni kwa mwenzangu, mara ya pili ukiwa njiani. Hayo mawili ndiyo somo. Kugeuka ni matokeo tu. Ningeendelea kufoka mwaka mzima bila kuwaambia kitu cha maana.

Kwa hiyo, kijana wangu, kazi yako ya kwanza ni macho. Nenda uwanja wa Twaif siku ya mechi yoyote, hata ya watoto wa shule, chagua beki wa kulia mmoja, umwangalie yeye peke yake dakika tisini. Usiufuate mpira. Utaona tabu, shingo itakuwa inataka kugeuka yenyewe, na mashabiki wakipiga kelele utajiona mjinga. Wiki ya pili mwangalie kiungo wa chini. Mimi nilifanya hivyo mwezi mzima, na mwezi ule ulinifundisha mpira kuliko misimu yangu yote ya kucheza. Nahodha anayetazama omo, pua ya chombo chake tu, hupanda fungu la mchanga akakwama. Anayeyasoma maji mbele ndiye anayefika.

Pili, anza na wadogo, na usione kama umeshushwa. Hapa huwa namtaja Emmanuel Amunike, kwa sababu alikuja kufanya kazi huku kwetu Afrika Mashariki tukamwona kwa macho. Mtu huyu ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria katika fainali ya Kombe la Afrika mwaka 1994 kule Tunis, Zambia ikalala 2-1, na mwaka huohuo akawa Mchezaji Bora wa Afrika. Mwaka 1996 akafunga bao lililoipa Nigeria dhahabu ya Olimpiki mbele ya Argentina, 3-2. Akaenda Barcelona, na huko goti likamfanyia yaleyale liliyotufanyia mimi na wewe.

Mwenye jina kama hilo angeweza kukaa akingoja aitwe na timu kubwa. Mwaka 2013 alikuwa msaidizi wa Manu Garba katika timu ya Nigeria ya vijana chini ya miaka 17, wakatwaa Kombe la Dunia la umri huo. Msaidizi, yule wa kupanga koni. Mwaka 2015 akapewa timu hiyo mwenyewe, akaenda nayo Chile, akalitetea kombe kwa kuifunga Mali 2-0 fainali. Victor Osimhen alifunga mabao 10 katika mashindano yale. Ndipo mwaka 2018 Tanzania ikamkabidhi timu yake ya taifa, Taifa Stars.

Watoto hawakufichi. Mchezaji mkubwa asipokuelewa ataitikia kwa kichwa kisha afanye anavyojua. Mtoto asipokuelewa atakuuliza, au atakaa chini achezee mchanga.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, na hili nataka ulisome polepole.

Amunike alipoingia Tanzania, miongoni mwa mambo yake ya mwanzo yalikuwa kuwaengua kikosini wachezaji kadhaa wa klabu ya Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini. Zogo lilikuwa kubwa. Mimi huku Lamu niliposikia nilipiga meza: hivyo ndivyo! Nami nilikuwa na mchelewaji wangu, tena winga wangu bora. Mazoezi saa kumi jioni, yeye anafika saa kumi na moja, na baadhi ya siku haji kabisa. Nikamwambia mbele ya wenziwe, "Wewe mpira huutaki, nenda nyumbani." Akaenda. Hakubisha hata neno, na mimi nikachukulia ule ukimya kuwa ni jeuri.

Wiki tatu baadaye nilikutana na babake sokoni akiuza samaki aina ya changu. Baada ya salamu ndefu akaniambia, bila lawama, kwamba mwanawe ndiye anayemsaidia kuvua uzio. Uzio wajua: ni boma la fito linalotegwa pwani, samaki huingia maji yakijaa, na maji yakipwa lazima mtu awe pale kuwatoa, hakuna kesho. Katika maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, maji hupwa jioni, saa hizohizo za mazoezi. Katika bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, hupwa asubuhi, na siku hizo kijana alikuwa anakuja kwa wakati bila kukosa.

Mimi! Mimi niliyekulia na jadweli ya maji kichwani, ninayejua saa ngapi boti yangu itakwama, sikuona kwamba kuchelewa kwa yule mtoto kulikuwa kunafuata mwezi. Mambo yote yalikuwa mbele ya macho yangu, kama yale ya kutupa jicho begani. Kambi ya timu ya taifa ina tiketi, hoteli na posho, na kwa mtu mzima anayelipwa, kuchelewa ni kuchelewa. Timu ya mtaa haina hayo. Nilichukua dawa ya mgonjwa mwingine.

Nilikwenda kwao mwenyewe, nikamwomba radhi babake kwanza, kisha yeye. Alirudi, ingawa haikuwa upesi. Tangu hapo ratiba yetu hubadilika: siku za maji mafu tunaanza alfajiri, siku nyingine jioni. Kocha mmoja wa bara aliwahi kunicheka kwa hilo, mpaka nilipomwonyesha daftari la mahudhurio.

Jambo jingine ambalo hakuna atakayekuandaa nalo ni mikono kukosa kazi. Tarehe 27 Juni 2019, Kenya na Tanzania zilikutana Cairo katika Kombe la Afrika. Miezi mitatu nyuma Amunike alikuwa shujaa: Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, ikarudi mashindanoni baada ya miaka 39. Ukumbi tulioangalizia Lamu ulikuwa hauna pa kuweka mguu. Nilikwenda na daftari, Mkenya kwa mdomo na kocha kwa macho. Msuva wa Tanzania akafunga dakika ya 6. Olunga wetu akasawazisha ya 39, na hata hatujamaliza kushangilia Samatta akairudisha Tanzania mbele. Kipindi cha pili Omolo akasawazisha, na dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi, 3-2. Watu walitoka wakiimba mpaka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu.

Nilishangilia, si mnafiki. Lakini njiani nilimfikiria yule mtu aliyesimama kwenye mstari. Aliyefunga mawili katika fainali anaitazama timu yake ikiongoza mara mbili na kupoteza, na hana ruhusa ya kuugusa mpira. Ana wabadala wake na sauti yake, na sauti yenyewe haisikiki. Mechi ya tatu wakafungwa na Algeria, na Julai ile kazi yake ikaisha. Kutoka shujaa wa Machi hadi kuagwa Julai. Ukiona huwezi kuishi na hilo, goti lako linaweza kupata kazi nyingine, na si aibu.

Kuhusu karatasi nitasema kidogo. Leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, daraja la D ndiyo mlango, halafu C, B, A, na juu kabisa Pro. Usingoje kupona ndipo uulize. Ulizia tangazo la kozi sasa. Mimi ya D niliifuata Malindi, kwa basi la asubuhi na mapema kutoka Mokowe, na darasani nilikaa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kucheza ligi yoyote. Alinizidi kwa mbali. Alikuwa anajua kupanga somo: leo jambo moja, mazoezi matatu ya jambo hilo, kisha mchezo. Nilimwiga na bado namwiga.

Kuhusu pesa nitasema kidogo zaidi: usiuze mashua. Mimi mpaka leo nalipwa na abiria wa Mokowe, si na mpira.

Jumamosi hii ni bamvua kubwa, jioni Shela haitakuwa na mchanga wa kuchezea. Kwa hiyo safari hii hatungoji jioni: tutakuwa ufukweni saa tatu asubuhi maji yakiwa yanatoka. Kijana wa Langoni, kama unasoma hapa, njoo na viatu vya kawaida, daluga ziache nyumbani. Nitakupa watoto wanne, wote mabeki, na kazi yako ni kuniambia baadaye kila mmoja alikuwa anaangalia wapi.