Kwa anayeanza mwaka wa kwanza wa sanaa Bagamoyo: shuka ufukweni kwanza

Juzi binamu yangu wa Singida kanitumia ujumbe. Kapata nafasi chuo cha sanaa huku Bagamoyo, anauliza aje na nini. Nikaanza kumwandikia orodha: penseli, brashi, chandarua, ndoo. Halafu nikaifuta. Orodha ya namna hiyo na mimi nilipewa, nikainunua yote Kariakoo siku moja, na nusu ya rangi zikakauka kwenye chupa kabla sijajua kuchora kiganja cha mtu kikaonekana kiganja. Basi naandika hapa, asome yeye na mwingine yeyote aliyefunga begi.

Nilitoka Iramba, bahari sijawahi kuiona. Chuo wenyeji bado wanakiita Chuo cha Sanaa, kama kilivyoitwa kilipoanzishwa 1981, ingawa tangu 2007 jina lake ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nilikuja kwa ajili ya sanaa za ufundi. Kijijini kwetu nilikuwa mtu: mabango ya maduka yote mimi, malaika wa kanisani mimi. Nikajua nakuja kuchukua cheti tu. Kumbe darasa zima ni watu wa aina hiyo, kila mmoja ndiye aliyekuwa mchoraji wa shule yao. Ukikaa pembeni ya mtu anayechora uso kwa dakika kumi, na uso wenyewe ukaonekana unapumua, ndipo unapojijua. Wiki za kwanza hilo liliniuma kuliko njaa, na njaa ilikuwepo.

Nilichofanya ni kujifungia. Kodi ya miezi sita nilikuwa nimeshailipa kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka, basi nikaona niitumie. Tulipoambiwa kila mtu alete mchoro wa chombo cha baharini, nikatafuta picha kwenye simu, nikachora ngalawa na jua linazama, maji mekundu, minazi miwili. Nilikesha nayo. Asubuhi mwalimu akasimama mbele yake, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kutabasamu.

"Kutoka hapa mpaka ufukweni ni dakika ngapi?"

"Hazifiki tano, mwalimu."

"Na hii umechorea wapi?"

"Chumbani."

Akaenda kwa mwenzangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nikashuka kwenye soko la samaki na karatasi zangu, nikakaa juu ya gogo, nikaanza kuchora watu waliokuwa wanashusha samaki. Haikuchukua muda: "Wewe! Umetuomba?" Mmoja akataka hela, mwingine akataka karatasi yenyewe. Nikaondoka mbio. Kosa langu, na ndilo kosa la wengi tunaotoka bara: nilitoa penseli kabla ya salamu. Pwani hapa huanzi jambo hujasalimia, na salamu si neno moja ukapita. Unauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za bahari. Mtu akikuzoea utamchora hata akisinzia. Na akisema hataki, hataki. Kina mama wengi hawapendi, na mlangoni mwa msikiti hukai na karatasi.

Siku ya pili nikaanza na mzee aliyekuwa anashona wavu. Shikamoo, marahaba, mtoto wa wapi wewe, mpaka akaniuliza mwenyewe nimeshika nini. Nikamwonyesha ile ngalawa niliyoichora kutoka kwenye simu. Akaitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, tanga hili limeshikwa na nini huku juu? Jini?"

Nilikuwa nimelifunga tanga kwenye mlingoti kama bendera ya shule. Akainuka, akanipeleka kwenye chombo, akachukua mkono wangu akauweka kwenye foromali, ule mti mrefu ambao tanga hufungwa kwake kisha ndio unapandishwa mlingotini. Ulikuwa vipande viwili vilivyoungwa kwa kamba, na kamba imelainika kwa kushikwa. Kisha akanionyesha vile vibao viwili vya pembeni vinavyoizuia ngalawa isipinduke. Mimi nilichora kimoja. "Hiki chako," akasema, "kinafika hapo kwenye mkondo, mnasomewa hitma."

Niliyoelewa pale sikuyapata darasani, ingawa darasani ndiko nilikosukumwa kwenda. Mkono wangu haukuwa na shida. Nilikuwa nachora kitu nisichokijua, na rangi nzuri za machweo zilikuwa za kuficha hilo. Wenzangu waliokuwa wananiacha mbali, ukiwachunguza, walikuwa wanatazama kwa muda mrefu kuliko mimi.

Basi nikaacha rangi kwa miezi miwili. Nilitumia mkaa, na mkaa nilitengeneza mwenyewe, maana wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi. Unachukua vijiti laini, unavimenya, unavipanga kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, unatoboa tundu dogo la moshi. Unaliweka kopo kwenye jiko lenye moto. Moshi ukikoma kabisa, unaipua. Hapo ndipo subira inapotakiwa: usifungue mpaka kopo lipoe. Mimi la kwanza nililifungua likiwa la moto, hewa ikaingia, vijiti vikashika moto, nikabaki na majivu na vidole vimeungua. Kopo moja likikaa sawa linakutosha wiki mbili.

Ukifika wakati wa rangi, usikimbilie turubai za dukani. Nunua kitambaa cha amerikani kwa mita, kivute kwenye fremu ya mbao, kipake rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi kidogo ya mbao. Na kazi za karatasi uzilaze, usizisimamishe ukutani. Hewa ya bahari inazikunja, na masika ukungu unaota.

Jioni usikae chumbani. Wa ngoma wanafanya mazoezi, nenda ukachore. Mchezaji hakai akusubiri, una sekunde chache za kushika mgongo na goti, basi. Karatasi ishirini kwa jioni, zote mbaya, na ya ishirini na moja unaona mtu anarukaruka humo.

Kuhusu fedha sina mengi. Mtu atakuambia chora pundamilia na Wamasai uwauzie watalii. Nilichora, nikala. Lakini kila nilipomaliza cha kumi, mkono ulikuwa umezoea kutotazama, ikanibidi nianze upya. Chora vya kodi, uache.

Mwisho wa muhula nilimrudia yule mzee na ngalawa nyingine, ya mkaa mtupu. Foromali ipo, vibao viwili, hata ile kamba ya kuungia. Akaweka wavu chini, akafuta mikono kwenye msuli, akaishika karatasi kwa pembe.

"Hii sasa inakwenda," akasema. Akanyamaza kidogo. "Ila tanga limejaa upepo wa kusi, na mawimbi yako ya kaskazi. Sasa sisi twende wapi?"