Vidole Hukakamaa Alfajiri, Tabibu Huviona Mchana

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni msusi, nina kibanda changu Tandika, umri wangu miaka 34. Mwanangu wa pili alipofikisha miezi minne nilianza kuamka vidole vimekakamaa, siwezi kukunja ngumi wala kufunga kanga. Sasa mtoto anatembea na hali ni ileile, mikono yote miwili, na nyayo nazo asubuhi hazikanyagiki. Zahanati ya mtaani wameshanizoea. Kwanza UTI, kisha taifodi, kisha UTI sugu. Wakanipima yuriki asidi, ikawa sawa. Safari ya mwisho tabibu hakuinua hata macho: “Mama, huna ugonjwa, una mawazo. Halafu kusuka kutwa nzima, vidole visiume vina nini?” Nikachomwa sindano ya maumivu, nikarudi nyumbani. Mume wangu ameanza kusema nadeka. Shangazi, niache kusuka? Au kweli ni mawazo?

Msusi, Tandika

JIBU

Marahaba mwanangu. Siwezi kukutajia ugonjwa kupitia gazeti, vidole vyako sijavishika. Lakini nimestaafu uuguzi nikitokea wodi ya wanawake, na maelezo yako yana harufu ninayoijua: vidole vya mikono yote miwili, kukakamaa asubuhi, kuanza baada ya kujifungua. Mimi ningetaka kwanza uchunguzwe baridi yabisi. Usidhani ni ya mabibi, na wala hailetwi na feni au kuoga maji ya baridi. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Wanawake wanaoipata ni mara mbili hadi tatu ya wanaume, na miezi ya baada ya uzazi ni kipindi kimojawapo inapopenda kujitokeza.

Sasa tazama kinachokuponza. Saa kumi na moja alfajiri huwezi kufungua kopo la mafuta. Unamwandaa mtoto, unapanga foleni, unaingia kwa tabibu saa sita mchana vidole vikiwa vimeshalegea. Anamwona mama kashika simu na pochi, anajieleza vizuri, hana homa. Kama jana yake ulichomwa diklofenaki, hata uvimbe umepungua. Simtetei; kauli ya “huyu anadeka” nimeisikia sana kwenye chumba cha chai, na aliyekuwa akisemwa karibu kila mara ni mwanamke. Ila ukijua kwamba yeye anakuona katika saa yako nzuri kuliko zote, utajua cha kumpelekea.

Kesho ukiamka, kabla hujagusa maji ya moto, mwambie mume apige picha mikono yako yote miwili. (Atajionea mwenyewe huko kudeka.) Angalia saa, uandike vidole vimelegea baada ya muda gani. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa. Mikono iliyochoshwa na kazi kwa kawaida hunyooka ndani ya dakika chache; kukakamaa kunakozidi nusu saa, siku baada ya siku, ni habari ambayo tabibu yeyote alifundishwa asiipuuze. Ukifika usianze na “mwili wote unauma”, maana hapo ndipo UTI inapoingilia. Taja viungo vyenyewe, sema vinavimba, sema tangu mwezi gani. Akirudia habari ya kusuka, muulize kwa upole nyayo nazo zinasuka nini.

Kuhusu hiyo taifodi, Dar hii nani hajawahi kuambiwa anayo? Kipimo cha Widal kinaangalia kinga uliyotengeneza, na hiyo inaweza kubaki mwilini tangu ulipougua zamani. Yuriki asidi ni ya gauti (jongo), ambayo kwa mwanamke wa umri wako, bado anapata hedhi, ni nadra. Kwa hiyo jibu la “sawa” halikuondolei ugonjwa mwingine.

Muulize: “Baridi yabisi na lupasi umeviondoa kwa kipimo gani? Naomba uniandikie kwenye faili.” (Lupasi nayo ni ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe.) Kisha omba barua ya rufaa ukamwone bingwa wa magonjwa ya ndani, kwa mtu wa Tandika, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu ni Temeke. Akikataa, usigombane naye, nenda kamwone mganga mfawidhi na daftari lako. Vipimo vya damu vya kuulizia ni rumatoidi fakta, anti-CCP na ESR. Kumbuka wapo wagonjwa halisi ambao rumatoidi fakta yao haionyeshi kitu, kwa hiyo karatasi moja isikurudishe nyumbani.

Jambo linalonikera zaidi ni prednisoloni za kujinunulia duka la dawa. Zitakuondolea uvimbe haraka, na ushahidi wako utaondoka nao, huku sukari ikipanda na mifupa ikidhoofika ukizizoea. Ikithibitika ni baridi yabisi, dawa inayotangulia mara nyingi ni metotreksati. Inamezwa mara moja kwa wiki. Anayeimeza kila siku anajiua. Haipatani na mimba pia, hivyo kama mnataka mtoto wa tatu, au bado unanyonyesha, mwambie daktari kabla hajaandika. Na usikawie, maana kiungo kikishaharibika dawa haikirudishi.

Kusuka usiache kwa sasa. Wateja wa alfajiri wasogeze hadi saa tano, chukua mitindo ya haraka kama twende kilioni, na rasta zile ndogondogo za kutwa nzima mpe msaidizi wako mpaka umwone bingwa.