Seli NK zinamjuaje wa kuua? Jibu refu kwa mwenye shangazi aliyeuziwa vidonge

Mleta uzi, pole kwanza kwa shangazi. Umeuliza mambo mawili. Seli NK (natural killer, seli za kinga zinazoua seli zenye kasoro) zinajuaje nani wa kuua ikiwa hazifundishwi kama seli T, ndugu zao wa kinga? Na vidonge alivyouziwa, ambavyo muuzaji anasema "vinaongeza NK", vitamsaidia na saratani ya titi? Wakuu wameshachangia: mmoja kasema NK zinaitambua saratani kwa sura, mwingine kasema zinaua chochote kisicho na HLA, yaani protini za juu ya seli zinazoitambulisha kuwa ni ya mwili wako. Mimi ni mtu wa maabara, hapa hapa Dar, na kwa kipindi kizuri kazi yangu ilikuwa kupima NK kwenye mashine za kuhesabu seli kwa rangi na mwanga, za ukoo mmoja na zile ambazo wengi wenu mnaziita mashine za CD4. Nitaandika kwa urefu kidogo, maana jibu la swali la pili limejificha ndani ya la kwanza.

Historia haina haja ya kurefushwa. Katikati ya miaka ya 1970, Kiessling na wenzake pale taasisi ya tiba ya Karolinska, Stockholm, na Herberman kule Marekani, waliona seli za kinga za panya ambao hawajachanjwa chochote zikiua seli za saratani. Kila mtu akaanza kutafuta hicho kitu ambacho NK inakiona kwenye saratani. Klas Kärre, naye wa Karolinska, akaligeuza swali: huenda kuna kitu NK inakikosa. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba seli za limfoma (saratani ya seli za kinga) zilizopoteza MHC daraja la kwanza (kwa binadamu ndiyo HLA) zinakataliwa na mwili wa panya, wakati ndugu zake zenye MHC zinaota uvimbe.

Hapo ndipo mchangiaji wa pili alipopatia hoja yake, na ni hoja ya nusu. Seli nyekundu za damu karibu hazina HLA kabisa, na zinapishana na NK usiku na mchana bila kuguswa. Kukosekana kwa HLA kunaondoa zuio tu. Bado lazima kitu kingine kiisukume NK iue. Kwa hiyo NK haina kipokezi (protini ya juu ya seli inayoshika kitu cha nje) kimoja cha kumtambua adui. Ina vingi, vingine vinazuia na vingine vinasukuma, na uamuzi unatokana na hesabu ya vyote kwa pamoja.

Sasa twende kwenye muundo wenyewe, ndiko kwenye utamu.

Familia maarufu ya vipokezi hivi kwa binadamu inaitwa KIR, jeni zake kama 15 hivi zimejipanga kwenye kromosomu ya 19. Majina yake yanatisha lakini yanasomeka. Chukua KIR2DL1. 2D maana yake sehemu ya nje ya seli ina vipande viwili vya protini vilivyokunjwa kwa mtindo wa kingamwili. L ni mkia mrefu ndani ya seli. Ukikuta S badala ya L, mkia ni mfupi. Namba ya mwisho ni ya kutofautisha ndugu tu.

Mkia huo ndio wenye mamlaka. Ule mrefu una ITIM, kipande kifupi chenye asidi amino iitwayo tairosini. Kichwa, yaani ile sehemu ya nje, kikishika HLA ya seli jirani, fosfeti hubandikwa kwenye tairosini ile, na fosfeti hiyo inakivuta kimeng'enya SHP-1. Kazi ya SHP-1 ni kung'oa fosfeti kwenye protini za karibu, hasa Vav1, ambazo bila fosfeti haziwezi kupeleka amri ya kuua. Amri inakatika pale pale kwenye utando, kabla haijaenda mbali. NK inaachia na kuhamia seli nyingine.

Mkia mfupi hauna ITIM wala kitu cha maana ndani ya seli. Ila katikati ya utando, kwenye mafuta, kuna asidi amino moja, laisini, yenye chaji chanya, na chaji haikai raha peke yake ndani ya mafuta. Inashikana na protini nyingine, DAP12, yenye asidi ya aspatiki, chaji hasi. DAP12 ndiyo inayobeba ITAM, kipande kinachofanana na ITIM ila chenyewe kinasukuma. Asidi amino moja iliyo mahali pake imegeuza kazi nzima ya kipokezi.

Linganisheni KIR2DL1 na KIR2DS1. Vichwa vyao karibu ni kitu kimoja, ni kama khanga mbili za ua moja na pindo moja, halafu usome jina: moja inaombea heri, nyingine inamtupia jirani fumbo. Ukitazama maua tu hujajua umepewa salamu gani.

Hili si jambo la vitabuni. Damu tulikuwa tunaichukua kwenye tyubu ya kofia ya zambarau, haiingii friji, unaiweka kingamwili zenye rangi, unaifunika kwa karatasi ya foili isipigwe na mwanga, halafu mashine. Kwenye skrini unatoa kwanza zenye CD3 (hizi CD ni alama za juu ya seli), maana hizo ni seli T, unabaki na zenye CD56. Zinajigawa makundi mawili: kundi kubwa lenye CD56 hafifu, ambalo limebeba CD16 na KIR, na kundi dogo lenye CD56 inayong'aa, ambalo limejaa NKG2A, kipokezi kingine cha kuzuia, na KIR karibu hamna. Hata ndani ya lile kubwa, NK za mtu mmoja hazifanani. Hii ina KIR hii, jirani yake ina ile, kila moja imewasha mchanganyiko wake.

Kingamwili tuliyotumia kwa KIR2DL1 ilikuwa ile iitwayo EB6. Shida yake ni kwamba inashika kichwa, na kichwa cha KIR2DS1 kinafanana mno, kwa hiyo EB6 inazipaka rangi zote mbili. Fundi aliyenifunza alikuwa akigonga skrini kwa kalamu, kwenye wingu la nukta zinazong'aa, anauliza: "Haya, hii ni L au S?" Ukikaa kimya anafurahi, maana kimya ndicho jibu sahihi. Kwa EB6 peke yake huwezi kujua kama unatazama seli zilizozuiwa au zinazosukumwa. Unaongeza kingamwili nyingine inayoshika L pekee, au unachukua DNA na kupima kwa PCR ni jeni zipi mtu anazo. Wapo watu ambao KIR2DS1 hawana kabisa.

Na kichwa nacho kina visa vyake. Mwenye laptopu na bando la kawaida, aingie benki ya miundo ya protini mtandaoni (Protein Data Bank), apakue faili 1EFX, KIR2DL2 ikiwa imeshikana na HLA-C (aina mojawapo ya HLA), muundo uliotoka mwaka 2000. Kisha 1IM9, KIR2DL1 na HLA-C ya aina nyingine. Programu za kuyafungua zipo za bure. HLA-C zote zinagawanyika makundi mawili kwa asidi amino moja, namba 80: kundi C1 lina asparajini, C2 lina laisini. Upande wa KIR, anayezisoma ni namba 44. KIR2DL2 ina laisini pale, na laisini hiyo inafunga kifungo cha haidrojeni na asparajini ya C1. KIR2DL1 ina methionini, na hapo panabaki kijishimo ambamo laisini ndefu ya C2 inaingia vizuri. Mwaka 1997 ilishaonyeshwa kwamba ukibadilisha hiyo namba 44 peke yake, kipokezi kinahama kutoka kundi moja la HLA-C kwenda jingine. Mimi ile picha niliizungusha jioni nzima.

Hilo "hazifundishwi" nalo ni kweli nusu. HLA iko kromosomu ya 6, KIR ya 19, zinarithiwa kila moja kivyake, kwa hiyo unaweza kuzaliwa na KIR isiyo na wa kuishika mwilini mwako. NK ambayo haina kipokezi chochote cha kuzuia kinachoshika HLA ya mwenyewe inabaki baridi, haiui ovyo. Inapata ukali wake kwa kuzoea kuzuiwa. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Tukija kwenye saratani, kipokezi cha kukumbuka ni NKG2D. Hiki ni cha ukoo mwingine, wa lektini, protini ambazo kwa kawaida hushika sukari, ingawa chenyewe hakishiki sukari. Ni mikono miwili inayofanana kabisa, na kinachoshikwa, protini iitwayo MICA, kinakaa katikati ya yote miwili. MICA yenyewe haina pande zinazofanana, hivyo tairosini zile zile za mkono huu na ule zinalazimika kushika sehemu tofauti. NKG2D haina mkia wa maana, inategemea protini mwenza, DAP10, kupeleka msukumo. MICA hupanda juu ya seli iliyo kwenye dhiki: imeharibika DNA, imeingiwa na virusi, imegeuka saratani. Kwa hiyo aliyesema NK zinaiona saratani "kwa sura" alikuwa anazungumzia dalili za dhiki bila kujua.

Lakini uvimbe nao una ujanja. Unaikata MICA na kuimwaga kwenye damu; NKG2D inashika vipande vinavyoelea, halafu inazamishwa ndani ya seli. NK ipo, ukiihesabu utaikuta, ila haioni kitu. Virusi ni hivyo hivyo. Saitomegalovirusi inatengeneza kipande cha protini kinachofanana na cha kwetu, kinaipandisha HLA-E, aina nyingine ya HLA, juu ya seli, na HLA-E inashikwa na NKG2A, ambayo inazuia. Hata malaria imo: mwaka 2025 ilichapishwa kwamba baadhi ya protini za RIFIN, ambazo kimelea cha falsiparamu huziweka juu ya seli nyekundu, zinaishika KIR2DL1 na kuizima NK. KIR2DS1 nayo inaishika RIFIN, na hiyo inasukuma. Khanga zile zile.

Msidhani pia kwamba kusukuma ni kwa ajili ya kuua tu. Dk. Annettee Nakimuli wa Makerere na wenzake walichapisha mwaka 2015, kwa kina mama wa Uganda, kwamba mama mwenye KIR za aina AA, ambazo karibu zote ni za kuzuia, akibeba mtoto mwenye HLA-C ya kundi C2, hatari ya presha ya mimba inapanda, na KIR2DS5 inamkinga. NK za mji wa mimba zinasaidia kondo la nyuma kupata damu ya kutosha. Zikizuiwa kupita kiasi, mishipa haipanuki vizuri.

Sasa vidonge. Tuseme vinaongeza idadi ya NK kweli, jambo ambalo muuzaji hajaonyesha. Zipi? Zenye L au S? Zenye NKG2D iliyo juu ya utando au iliyozama? Idadi haisemi lolote kuhusu hayo. Hata dawa iliyotengenezwa kwa makusudi kuziba NKG2A, monalizumab, ilijaribiwa kwenye saratani za kichwa na shingo na jaribio la hatua ya tatu likasimamishwa mwaka 2022 kwa kutoleta faida. Na hao ni watu waliokuwa na muundo wa kipokezi mkononi. Zaidi ya hapo, kidonge ambacho hujui ndani kuna nini kinaweza kugongana na dawa za chemo. Avipeleke na kopo lake kwa daktari wake, asivifiche.

Kama anataka kitu kinachotumia NK kweli kwenye titi, kipo. Trastuzumab ni dawa, kingamwili inayoshika protini iitwayo HER2 juu ya seli ya saratani, na sehemu yake ya nyuma inashikwa na CD16 ya NK, ambayo inapeleka msukumo mkali bila kungoja wengine. Inafanya kazi kwa njia nyingine pia, lakini hiyo ni mojawapo. Inafaa tu kwa uvimbe wenye HER2 nyingi, na hilo linapimwa kwenye kinyama kilichokatwa. Shangazi aangalie kwenye majibu yake ya patholojia kama kuna mstari wa HER2. Kama haupo, swali la kwanza kliniki ijayo liwe hilo.