Gitaa la mtumba: kagua shingo kabla ya rangi

Gitaa langu la kwanza la umeme nililinunua gizani. Sisemi kwa mafumbo, umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa saa moja na nusu jioni, Sinza, kwenye kibaraza cha bwana mmoja niliyeunganishwa naye na dalali, na tulilikagua kwa tochi ya simu. Jekundu, linang'aa, kichwani limeandikwa jina kubwa la Kimarekani. "Kaka, hili la mzungu, alikuwa anarudi kwao," akaniambia. Nikalipapasa, nikapiga kodi mbili tatu (zile sauti za nyuzi kadhaa kwa pamoja) bila ampu, yaani bila kikuza sauti, nikahesabu laki tatu na nusu nilizozichanga miezi saba. Nikapanda daladala nalo limeviringishwa kwenye shuka, roho kwatu.

Kesho yake umeme uliporudi ndipo nikaonana na gitaa lenyewe. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, ukiubonyeza kuanzia freti ya 14 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) haulii, unatoa "tk" kama mtu anayesonya. Nyuzi nene zinavuma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Nikalipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyepiga solo kwenye bendi za dansi tangu ujana wake. Nikampa shikamoo, akaitikia, wala hakutaka lichomekwe popote. Alilishika kwa kitako, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake kama seremala anavyokagua ubao. Akanirudishia. "Mwanangu, shingo imejisokota hii. Wewe umenunua rangi."

Tangu siku hiyo nimenunua mengine manne, yote ya mtumba, na nimesindikiza marafiki wengi tu. Nimekosea tena, lakini si kwa namna ile.

Kwanza niseme kwa nini wengi wetu tunapigwa. Wazee wetu wa dansi, waliotufundisha kupiga, wengi wao hawakuwahi kununua gitaa. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akihama bendi aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki. Kwa hiyo tulirithi solo na rithimu, ila maarifa ya kukagua chombo kabla ya kutoa hela hatukuyarithi. Yule mzee mwenyewe aliniambia gitaa lake la kwanza alilinunua akiwa na wajukuu.

Sasa shingo. Nyuzi sita zikishakazwa zinaivuta kwa nguvu inayokaribia kilo 40, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayokazwa kwa spana ya L, ama kutokea kichwani ama kwenye kiungio cha shingo na mwili. Shingo iliyopinda mbele kama upinde si msiba, fimbo ile inainyoosha. Iliyojisokota, yaani upande wa uzi wa kwanza umeinama na wa sita umebaki ulivyo, hiyo haina spana. Iache.

Kifaa cha kupimia unacho mfukoni. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, benki yoyote ile. Lipakate gitaa kama unavyolipiga, likiwa limetyuniwa. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa kulia. Uzi umegeuka rula. Mwombe mwenzako atazame nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa iwe ndogo, kama robo ya milimita, unene wa kadi ya biashara ya kawaida. Kadi ya benki ikipita hapo bila kugusa, shingo imepinda sana. Kusipokuwa na nafasi kabisa, imepinda kinyumenyume au fimbo imekazwa kupita kiasi. Rudia kwa uzi wa kwanza. Majibu ya nyuzi hizo mbili yakipishana sana, ndiyo msokoto wenyewe huo, ule nilioununua kwa tochi.

Halafu omba ruhusa ya kuigusa ile fimbo. Muuzaji mwingine atakunja uso, mwelewe, hata mimi nisingependa mgeni aingize spana kwenye gitaa langu. Unaizungusha kidogo tu, chini ya robo ya mzunguko, uone kama inashika. Ikizunguka bila ukinzani wowote, huenda imekatika au skrubu yake imelika. Akikataa katakata, bei ishuke kana kwamba imekufa.

Ukimaliza hapo, acha kubonyeza nyuzi na uende freti ya 12. Panga kadi mbili za benki juu ya freti, chini ya nyuzi. Zikiingia kwa kubanana kidogo, umepata kimo kizuri, kama milimita moja na nusu. Kadi tatu zikiingia na bado kuna nafasi, nyuzi ziko juu mno, vidole vitaota sugu kabla hujajifunza kitu. Usikimbie bado. Tazama skrubu ndogo za kwenye briji, kile chuma kinachobeba nyuzi upande wa mwili. Kama bado zina nafasi ya kushuka, hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kama zimeshashushwa mpaka mwisho na nyuzi bado ziko juu, tatizo liko kwenye pembe ya shingo. Shingo ya kufungwa kwa skrubu inawekewa kipande chembamba cha mbao chini yake mambo yakaisha. Ya gundi si ya kuchezea.

Hizo skrubu za briji, kwa sisi wa pwani, zina kisa chao. Chumvi ya bahari haiishii kwenye mabati. Niliwahi kununua gitaa zuri kabisa kutoka kwa mtu anayekaa karibu na ufukwe, nikafika nyumbani nikakuta skrubu zote kumi na mbili zimeganda kwa kutu. Spana ya milimita 1.5 ilikuwa inazunguka ndani ya tundu kama kijiko kwenye chai. Nikaishia kununua briji nzima. Siku hizi natembea na spana hiyo, na kama haigeuzi skrubu hata moja, tunazungumza upya.

Freti nazo, ziangalie tatu za mwanzo, ambako kila anayejifunza hupiga kodi zake. Utaona vishimo chini ya nyuzi. Vishimo vya kuonekana tu kwa kuinamisha gitaa kwenye mwanga havina neno. Vile vya kuhisi kwa ukucha vinataka kusawazishwa, na mafundi wanaojua kusawazisha freti ni wa kutafuta. Fundi redio anaweza kukurekebishia kila waya wa gitaa, lakini freti usimpe. Piga kila uzi kwenye kila freti, taratibu, hata kama muuzaji anahema. Kwenye freti za juu vuta uzi pembeni kama unapiga solo. Ukizimika katikati ya kuvutwa, kuna freti iliyonyanyuka.

Kichwa hakitaki maneno mengi. Magitaa ya umbo la Les Paul, gitaa maarufu la kampuni ya Gibson, kichwa chake kimelala nyuma, na yakianguka yanavunjika hapo hapo, nyuma ya mwanzo wa shingo. Pitisha kidole na utafute mstari chini ya vanishi. Lililogundishwa vizuri linaweza kudumu, ila lisiuzwe bei ya zima. Na kama kimeandikwa Gibson, hesabu skrubu za kile kifuniko kidogo kilicho juu yake. Cha kweli kina mbili, vya bandia vingi vina tatu. Namba ya nyuma nayo inasema. Kwenye Gibson nyingi tangu 1977, tarakimu ya kwanza na ya tano ni mwaka, na tatu za katikati ni siku ya mwaka, yaani 001 hadi 366. Ukikuta siku ya 512, mwaka huo ulikuwa mrefu.

Umeme wa gitaa ndio unaotisha watu, na ndio rahisi kuliko vyote. Nenda na waya wako na ampu ndogo ya betri, usitegemee mambo ya tanesko. Chomeka, kisha gusagusa kwa ncha ya funguo kila pikapu (si gari, zile sumaku zilizoviringishwa waya wa shaba chini ya nyuzi), ukihamisha swichi kila mara. Ile isiyotoa "to" kwenye spika ina kasoro. Vitufe vya sauti vikikwaruza unapovizungusha, ni vumbi, dawa ya kupuliza inamaliza. Jeki, yaani tundu la kuchomeka waya, ikikatakata ukitikisa waya, ni kuchomelea risasi na nauli ya kwenda kwa fundi. Usimwambie muuzaji kwamba ni rahisi. Mwambie tu inakatakata.

Mvumo ni jambo jingine. Pikapu za koili moja, kama za Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender, huvuma karibu na nyaya za umeme na taa, ndiyo asili yake. Mvumo ukipungua ukigusa nyuzi, waya wa ethi ndani ya gitaa uko sawa. Ukiongezeka, kuna waya uliochomelewa vibaya. Lakini ukisikia shoti mdomo ukigusa maikrofoni, usilaumu gitaa. Hiyo ni ampu au nyumba isiyo na ethi, na inaua. Chomoa kwanza, maswali baadaye.

Na kwa kuwa tumetaja ampu: ukiuziwa na ampu iliyotoka Japani, soma bati lake la nyuma kabla ya kitu chochote. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Rafiki yangu alichomeka ya volti 100 moja kwa moja ukutani kwenye mazoezi ya kwaya. Ililia vizuri sana kwa muda wa kumaliza "Bwana asifiwe", kisha ikatoa moshi.

Kama ni la kwanza, achana na briji zenye mkono wa kuyumbisha zinazofunga nyuzi kwa spana. Kubadilisha nyuzi tu ni kazi ya jioni nzima. Chukua briji isiyocheza.

Karatasi pia. Vyombo vya makanisa na vya bendi vinaibwa sana, na mwenye navyo anavijua kwa kovu na kwa namba. Uliza ametoka nalo wapi na usikilize jibu linavyokuja. Andikeni hati ya mauziano ya ukurasa mmoja: majina, kitambulisho, namba ya gitaa, bei, shahidi. Muuzaji halali hachukii karatasi. Na nendeni mchana, wawili, mahali penye soketi. Hilo la mchana mnajua nimelitoa wapi.

Ninalopiga sasa ni Yamaha Pacifica, nililouziwa na kanisa lililokuwa linabadilisha vyombo. Rangi imechubuka mgongoni kwa vifungo vya mikanda ya wapigaji sijui wangapi, na kuna alama ya mshumaa karibu na jeki. Lilikuwa limekaa stoo bila uzi wa pili. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa analionea aibu, akanishushia bei kabla sijafungua mdomo. Shingo yake, kadi ya benki haikupita, uzi wa sita wala wa kwanza. Nililipa laki mbili, nikaongeza seti ya nyuzi na jeki mpya.

Lile jekundu nalo lipo. Nilimpa kinyozi wangu, akalitundika ukutani saluni kwake, na vijana wakishanyolewa wanapiga nalo picha. Juzi kanipigia simu, anataka nimtafutie nyuzi. Kuna mteja kalipenda, anakuja na hela Jumamosi jioni. Nikamwambia amwambie huyo mteja aje mchana, na asisahau kadi yake ya benki.