Je, aliyeua akiwa mgonjwa wa akili huachiwa huru?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kijana wa mtaani kwetu alimuua jirani kwa shoka, akidai kuamriwa na sauti anazozisikia. Mahakama imetamka kwamba alitenda kosa hilo, lakini hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Watu wamekasirika, na wanasema sasa kila muuaji atajitia wazimu ili akwepe kitanzi. Sheria hii inamlinda nani?
Msomaji, Singida

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana kwa msiba huo. Hasira yenu ina haki yake, ila imesimama juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba kijana huyo sasa yuko huru.

Kisheria kila mtu huhesabiwa kuwa ana akili timamu, na anayedai vinginevyo ndiye anayepaswa kuthibitisha. Kusikia sauti peke yake hakutoshi, wala kuwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili; kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinataka ionekane kwamba, wakati ule ule wa kutenda, ugonjwa ulimfanya asielewe anachokifanya, au asitambue kuwa hapaswi kukifanya, au ashindwe kujizuia. Ndiyo maana mshtakiwa hupelekwa Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi iliyoko Dodoma, akachunguzwe na madaktari. Mtu aweza kuwahadaa majirani kwa saa moja. Kuwahadaa wauguzi wanaomwona akila, akilala na akiamka kila siku ni kazi nyingine kabisa.

Kinga hii tuliirithi kwa Waingereza, na hasira dhidi yake ni ya zamani vilevile. Mwaka 1843, Daniel M'Naghten alipotamkwa kuwa hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili baada ya kumuua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu, Malkia Victoria mwenyewe alichukizwa, na majaji wakatakiwa kufafanua sheria. Lakini M'Naghten hakurudi mtaani: alifungiwa katika hospitali za wagonjwa wa akili hadi alipofariki mwaka 1865.

Hata kwetu, uamuzi kama huo humpeleka mtu kizuizini chini ya uangalizi wa madaktari, bila kutajiwa miaka. Mfungwa wa kawaida huhesabu siku zilizobaki; huyu hana cha kuhesabu, kwani hutoka pale tu mamlaka zitakaporidhika kwamba si hatari tena. Nami naona hili ndilo lingepaswa kutusumbua zaidi, kwa sababu wapo waliotibiwa wakapata nafuu, lakini wakakosa pa kwenda baada ya ndugu zao kukataa kuwapokea.